Yowe la Msichana wa Tatu

Kwa miaka kumi na miwili Darla Wasko na Orrin Blauch walikuwa na Jumamosi yao, na kila mtu pale Laurel Fork alijua kwamba siku hiyo hawapatikani. Darla alikuwa dereva wa basi la shule, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mpana wa mabega, aliyeachana na mumewe bila kelele na bila mtoto. Orrin alikuwa fundi wa majiko ya kupashia nyumba joto, mjane aliyekwisha pita sitini, mwembamba kama ufito, mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Hawakuwa wapenzi. Waliowasema walisema mpaka wakachoka. Kilichowaunganisha kilikuwa msitu na filamu za kutisha za zamani, basi.

Asubuhi walipanda milima. Kuanzia mwisho wa Septemba, majani yanapogeuka mekundu na manjano, walivaa vizibao vya rangi ya machungwa ili wawindaji wasije wakawadhania paa, wakaingia kwenye njia za zamani za wakata miti ambako hakuna mtu ila wao na kunguru. Mchana walishuka wakiwa matope hadi magotini, wakala supu ya maharage na nyama ya nguruwe jikoni kwa Orrin, kisha wakateremka kwenye chumba cha chini ya nyumba. Huko Orrin alikuwa na projekta, shuka jeupe ukutani, na mikanda mia tatu ya filamu ambazo hakuna mchungaji ambaye angezitaja kanisani: filamu za bei rahisi, zilizopigwa na watu wasio na kitu zaidi ya kamera, ndoo ya rangi nyekundu, na msichana aliyekubali kukimbia na nguo nyepesi.

Darla alizipenda kwa sababu hazikuweza kuficha kitu. Mzimu unatokea, na chini ya gauni lake unaona viatu vya raba. Mtu anakatwa kichwa, na kichwa kinapepesa macho. Lakini nyuma ya upuuzi huo wote kulikuwa na misitu ya kweli. Mialoni iliyokatwa kabla yeye hajazaliwa ilikuwa bado inapukutisha majani pale ukutani kwa Orrin, na upepo wa mwaka uliokufa ulikuwa bado unayapeperusha. Mara nyingine alisahau kabisa kumtazama muuaji, akabaki kuitazama miti.

Waliyoipenda kuliko zote ilikuwa *Bibi Harusi wa Machimboni*, kwa kuwa ilipigwa mwaka 1971 kwenye milima yaleyale waliyoipanda. Ilimhusu mwanamke aliyeachwa kanisani siku ya ndoa, akahamia kwenye machimbo ya mawe na kuanza kuwaua wasichana kwa sululu. Msichana wa kwanza na wa pili walikuwa waigizaji, tena wabaya. Wa tatu hakuwa na jina hata kwenye orodha ya mwisho. Alionekana kwa sekunde kumi na moja, mgongo kwa kamera, wigi la nywele za dhahabu, gauni la kulalia. Anakimbia juu ya majani, anaanguka, anapiga yowe. Lakini yowe hilo lilijulikana kwa wapenzi wa filamu hizo nchi nzima. Walibishana kulihusu kwenye barua na majarida yao. Hakuna mwigizaji, walisema, aliyewahi kulia vile.

Darla na Orrin walilifanya mchezo wao. Wakifika mahali penye mteremko mkali, Orrin alibaki nyuma na kuanza kuburuta mguu kwenye majani.

"Huyo anakuja," alisema. "Bibi harusi ana hasira, na pete hajapewa."

"Mpe wewe. Akikuona uso tu atarudi kaburini mwenyewe."

Kisha Darla alijaza kifua hewa, akapiga yowe mpaka kunguru wakaruka bonde zima.

"Umeliharibu," Orrin alimwambia kila mara. "Mwishoni linapaswa kukatika ghafla, kama mtu aliyemeza kitu."

"Hii ni pumzi ya mwanamke wa makamo, mzee. Chukua hiyohiyo."

Mtu mmoja hakuupenda mchezo huo hata kidogo, naye alikuwa mama yake Darla. Bi Lottie Wasko alikuwa na miaka sitini na tisa, akiishi katika nyumba ya wazee karibu na mto tangu nyonga yake ilipokataa kumbeba. Alikuwa akichechemea tangu ujana. Alianguka ngazi, ndivyo alivyosema siku zote. Msituni hakuingia, hata kuokota uyoga na wenzake wa kanisani, na binti yake alipoanza kuzungumza juu ya filamu za Orrin, alisema, "Hizo takataka mziache hukohuko chini ya nyumba," akageuza maneno. Darla alidhani ni dini.

Jumapili ya pili ya Oktoba, ukumbi wa kikosi cha zimamoto katika mji wa jirani uliionyesha *Bibi Harusi wa Machimboni*, na mpiga picha aliyeipiga, mzee Merle Tansey, alialikwa kuja kuzungumza. Orrin alivaa tai. Walikaa mstari wa pili, wakila donati, na watu kama sitini nyuma yao wakashangilia kila sululu ilipoinuliwa. Lilipofika yowe la msichana wa tatu, ukumbi mzima ulilipiga pamoja, na Darla akapiga nao.

Taa zilipowashwa, mzee Tansey aliketi mbele kwenye kiti cha chuma, kofia magotini. Alikuwa na miaka themanini na moja na kifaa cha kusikilizia sikioni. Kijana mmoja mwenye ndevu akauliza lile swali lililongojwa na wote: yowe lile mlilipataje?

"Yule hakuwa mwigizaji," mzee alisema. "Msichana tuliyemleta kutoka mjini alikataa kukimbia kwenye baridi ile, akapanda basi akarudi kwao. Mwongozaji akaenda mkahawani pale Laurel Fork, akamchukua mhudumu aliyekuwa akitumiminia kahawa kila asubuhi. Lottie, aliitwa. Tukamvika wigi. Alikimbia mara moja tu, akavunjika mguu mahali pawili. Mwongozaji akaniambia nisizime kamera. Sikuzima."

Watu walicheka, kile kicheko ambacho watu humpa mzee anaposimulia ujinga wa ujana wake. Mmoja akapiga makofi, wengine wakamfuata.

Darla hakucheka. Mwaka 1971 Laurel Fork ilikuwa na mkahawa mmoja, na mama yake alimimina kahawa humo kabla ya kwenda kushona kola kiwandani. Donati ilikuwa mkononi mwake, sukari imemwagika kwenye suruali, naye hakuipangusa.

"Darla," Orrin alinong'ona. Naye alikuwa amekwisha piga hesabu. "Darla, yule si..."

"Nyamaza."

Alimkuta mzee Tansey nje, kwenye benchi, akimngoja mjukuu wake alete gari. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Yule mhudumu," Darla alisema. "Alivunjika mguu gani?"

"Wa kushoto. Kwa nini? Wewe nani, mama?"

"Binti yake."

Mzee alivua kofia, akaishika kama mtu aliyeingia msibani. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Hatembei tena. Nyonga imekufa kwa kuubeba huo mguu miaka yote."

Mzee aliizungusha kofia mikononi. Kisha akasema, bila kumtazama, "Ilikuwa Novemba. Pale kwenye mawe majani yalikuwa yameshapeperushwa, mwamba uko wazi, unarudisha mwanga kwenye lenzi yangu. Nikawaambia vibarua walete majani kwa magunia, wamwage. Kulikuwa na ufa pale. Niliuona. Nikawaambia wamwage na juu ya ufa, maana ulikuwa unakaa vibaya kwenye picha."

"Mlimwambia?"

"Mimi nilikuwa mtu wa kamera. Nilijua mwongozaji atamwambia."

"Huko ndani hukusema hivyo."

"Huko ndani wamelipa kiingilio," mzee alisema. "Hawakuja kusikia hayo."

Alimweleza pale mahali palipo: nyuma ya mnara wa walinzi wa moto, ukifuata reli ya zamani ya machimbo mpaka kwenye nguzo ya winchi iliyokuwa ikivuta mawe. Darla alimshukuru, akaona haya kwa kumshukuru, akaondoka.

Kwenye gari Orrin hakuweza kutulia. Alijaribu kuwa na huzuni, lakini furaha ilikuwa inamtoka kama mvuke kwenye birika. "Unajua maana yake? Wamemtafuta msichana yule miaka arobaini na kitu. Vitabu vimeandikwa. Na mimi nimekula viazi mezani kwake."

"Hajapotea. Yuko chumba namba kumi na nne, anasubiri dawa zake."

"Sisemi hivyo, dada. Nasema heshima. Watu wanampenda."

"Wanapenda mguu wake ukivunjika. Usimwambie mtu, Orrin."

"Nimwambie nani mimi?"

Baadaye Darla alikumbuka kwamba lile lilikuwa swali. Ahadi hakupewa.

Alimtembelea mama yake kila Jumatano na kila Jumapili kama kawaida, na kila mara alikwenda na maneno mdomoni na kurudi nayo. Alimpeleka mapera na soksi, wakazungumza juu ya watoto wa kwenye basi. Aliutazama mguu wa kushoto chini ya blanketi, akakumbuka mara ngapi alipiga yowe lile mlimani huku akicheka. Usiku hakulala vizuri. Jumamosi alimwambia Orrin ana mafua.

Jumatano ya mwisho wa Oktoba alimkuta mama yake dirishani kwenye kiti cha magurudumu, bahasha kubwa imefunguliwa mapajani. Ndani yake mlikuwa na picha, inayong'aa, ya msichana mwenye wigi la dhahabu anayeanguka, na barua ya mtu wa Ohio: Mpendwa Bi Lottie, mimi ni shabiki wako mkubwa, naomba utie sahihi yako kwenye picha hii, kalamu nimeiambatanisha.

"Nani kawaambia?" Bi Lottie aliuliza.

"Mama, nilitaka..."

"Nimeuliza nani."

"Orrin."

"Yule wa majiko. Kila Sikukuu ya Shukrani alikuwa anakula kwangu mpaka analegeza mkanda, halafu ananiuza."

"Hakukuuza. Alifurahi tu."

"Hata waliokuwa na kamera walifurahi. Walikumbatiana, nikiwa palepale chini." Aliigeuza picha ikatazama blanketi. "Keti. Unanizibia mwanga."

Darla aliketi kitandani, na mama yake akasimulia, kwa sauti ileile aliyotumia kusimulia bei za vitu.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Walimpa dola arobaini, na dola arobaini zilitosha kununua sare na viatu vyeupe, maana Januari alikuwa aanze mafunzo ya uuguzi kule Altoona. Barua ya kukubaliwa ilikuwa kwenye droo yake ya soksi. Alikaa na plasta ngumu mpaka Aprili, na mguu ulipotoka ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili. Muuguzi husimama saa kumi na mbili kwa siku. Mshona kola huketi. Akaenda akaketi, miaka thelathini na mmoja.

"Niliiona hiyo filamu mara moja," alisema. "Kiangazi kilichofuata, kwenye kile kiwanja cha sinema ambako mnaangalia mkiwa ndani ya gari. Baba yako ndiye aliyenipeleka, ndio kwanza tunaanza kutoka pamoja. Hakujua. Mimi mwenyewe sikujua ndiyo hiyo mpaka nilipoona machimbo. Ikafika pale ninapoanguka. Watu walikuwa na desturi siku zile, wakifurahia kitu wanapiga honi. Kiwanja kizima kikapiga honi. Na baba yako akapiga. Akaegemea honi, anacheka, akanigeukia kuona kama nacheka."

"Ukafanya nini?"

"Nikala bisi." Alikunjua blanketi, akalikunja tena. "Alikuwa mtu mwema, Stan. Unajua alivyokuwa. Ningemwambia angejichukia mpaka kufa. Basi nikaanguka ngazi, na ngazi ndiyo iliyobaki."

Nje wauguzi walipita na mkokoteni wa chai. Bi Lottie alingoja upite.

"Tena kosa lilikuwa langu. Mwongozaji alinionyesha kwa kidole kutoka mbali: kanyaga jiwe la kwanza, la pili, la tatu, halafu geuka upige yowe. Jiwe la kwanza tu likanishinda. Mimi, binti wa mchimba mawe, baba yangu kafanya kazi palepale miaka ishirini. Kwenye gari la kwenda hospitali yule bwana aliniambia, 'Binti, ungekuwa unatazama unapokanyaga.' Na ni kweli. Sikutazama. Nilikuwa nawaza viatu vyeupe."

Hapo Darla akamweleza yote ya mzee Tansey: mwanga, magunia, majani, ufa. Mama yake alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Mzee wa themanini na moja anatafuta pa kuutua mzigo wake. Ataongea chochote. Nilikuwapo, mwanangu. Kulikuwa na jiwe la kwanza. Nililiona."

Ijumaa Orrin alimngoja kwenye uwanja wa mabasi, kofia mkononi. Watoto walikuwa wameshashuka, naye Darla alikuwa akifagia ndani ya basi.

"Nilimwambia mtu mmoja tu," Orrin alisema akiwa mlangoni. "Mmoja, Darla. Rafiki wa zamani. Nikamwambia ni siri."

"Na yeye akamwambia mmoja."

"Nilidhani atafurahi. Mzee kama yule, hakuna anayemtembelea ila wewe. Nilidhani kusikia kwamba watu..."

"Ulimi hauna mfupa, Orrin. Mguu unao."

Orrin akashuka ngazi za basi polepole, akishika chuma kwa mikono miwili.

Siku iliyofuata Darla alikwenda msituni peke yake. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Novemba. Majani karibu yote yalikuwa yameshaanguka, mvua ya siku tatu imeyafanya meusi, na mlima ulitoa harufu ya chumba kisichofunguliwa. Hakukuwa na sauti ila maji. Alizoea kusikia nyuma yake hatua za Orrin na maneno yake yasiyokwisha, na mara mbili alisimama kumngoja kabla ya kukumbuka. Alipita mnara wa walinzi wa moto, akaipata reli chini ya magugu, akaifuata mpaka kwenye nguzo ya winchi iliyoinama kama mlevi.

Alikuwa ameichukua ile picha kwa mama yake, kaificha ndani ya koti. Akaitoa, akainyanyua mbele ya macho, akasogea hatua kwa hatua mpaka mstari wa mwamba uliokuwa kwenye picha ukalingana na mstari wa mwamba uliokuwa mbele yake. Miti haikuwa ile. Mwamba ulikuwa uleule.

Akapiga magoti, akaanza kuondoa majani kwa mikono. La tatu, jiwe pana, bapa. La pili, dogo, limeinama kidogo. Kisha akarudi nyuma pale ambapo mtu anayekimbia angeweka mguu kwanza, akazoa majani, akakuta majani mengine, akazoa hayo, na mkono wake ukaingia mpaka kwenye kiwiko.

Hakukuwa na jiwe. Kulikuwa na ufa, upana wa shubiri mbili, kingo zake kali kama zilivyoachwa na patasi za wachimbaji. Alipousafisha aliona maji meusi chini. Akaketi ukingoni, akashika mwamba kwa mikono yote miwili, akauteremsha mguu wake wa kushoto taratibu. Uliingia mpaka katikati ya paja kabla ya kugusa chini. Akafikiria mtu akiingia hapo kwa mbio, na mwili ukiendelea kwenda mbele. Akaelewa kwa nini yowe lile lilikatika ghafla mwishoni. Hakukuwa na kitu kilichomezwa. Pumzi ndiyo iliyokwisha.

Alikaa hapo muda mrefu, mguu ndani ya mwamba, mvua ikimwingia shingoni. Alitaka kulia, lakini machozi hayakuja. Kilichokuja ni kumbukumbu ya sauti yake mwenyewe, vuli kumi na mbili, ikipaa juu ya bonde hili, na kicheko cha Orrin nyuma yake.

Jumapili alimkuta Bi Lottie ametoka kanisani, yaani kile chumba kidogo cha ibada mwisho wa korido. Alikuwa bado na kofia yake ya Jumapili.

"Hakuna jiwe la kwanza, Mama."

"Nini?"

"Nimekwenda. Nimezoa majani kwa mikono yangu. Kuna la pili na la tatu. Mahali pa la kwanza pana ufa, mguu wangu umezama mpaka hapa." Akamwonyesha kwenye paja lake. "Ulichokiona ni majani. Waliyarundika yakawa kama jiwe. Mtu yeyote angekanyaga hapo. Hata ungetazama, ungekanyaga hapohapo."

Bi Lottie alivua kofia, akaitafutia mahali pa kuiweka, asipate, akaivaa tena. Kisha akainama, kwa shida, akauweka mkono juu ya goti la kushoto, kama mtu anavyomshika mtoto aliyemchapa bure.

"Miaka arobaini na saba," alisema hatimaye, "nimekuwa nikiuita huu mguu mjinga."

Darla alidhani hapo ndipo faraja ingeanza. Haikuanza. Kwa siku mbili mama yake hakula. Siku ya tatu alikula, na alikuwa na hasira. Darla hakuwahi kumwona mama yake na hasira ya namna ile, na haikuwa na pa kwenda: mwongozaji alikwisha kufa miaka mingi, kampuni ilivunjika kabla hata ya plasta kutolewa, na mzee Tansey alikuwa na moyo mbovu na nambari ya simu isiyopokelewa. Ikabidi hasira ibaki chumba namba kumi na nne. Bi Lottie aliwafokea wauguzi, akaomba radhi, akawafokea tena. Aliwatazama viatu. Kulikuwa na msichana mmoja, muuguzi mgeni, ambaye alilia kwenye korido kwa sababu Bi Lottie alimwambia hastahili kusimama pale alipo.

"Ningekuacha tu," Darla alimwambia siku moja, mvua ikipiga dirisha. "Pengine ilikuwa afadhali usijue."

"Afadhali ningekufa najidharau?"

"Ulikuwa umetulia, Mama."

"Nilikuwa nimenyamaza." Alimtazama binti yake kwa muda. "Mimi na hayo ni mambo yangu sasa. Wewe usinibebee."

Barua ya mtu wa Ohio aliijibu mwenyewe. Picha, ambayo Darla alikuwa ameirudisha, hakuitia sahihi. Nyuma yake aliandika jina lake kamili, siku na mwezi alipovunjika, mahali, na majina ya hospitali na daktari, kwa mwandiko ulionyooka kama wa ripoti. Kalamu akaibakiza.

Alifariki mwezi Machi, kwa mapafu, siku ya theluji. Katika droo yake ya soksi Darla aliitafuta ile barua ya Altoona, asiipate. Orrin alikuja mazishini na tai ileile, akasimama nyuma kabisa, na wabebaji wa jeneza walipopungua mmoja kwa sababu barabara zimefungwa, Darla alimtafuta kwa macho, akamwita kwa ishara ya kichwa. Akaja akabeba. Hawakuzungumza siku hiyo.

Walianza tena Septemba. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno. Orrin alipita na gari lake Jumamosi asubuhi, akazima injini, akangoja, na Darla akatoka na kizibao chake. Walipanda upande wa kaskazini, mbali na machimbo. Mchana walikula supu, wakateremka chini ya nyumba. Mkanda wa *Bibi Harusi* haukuwa tena kwenye rafu, na Darla hakuuliza ulikokwenda. Waliangalia filamu ya nzi wakubwa wanaokula mji. Ilikuwa mbaya vizuri, nyuzi za nzi zinaonekana, na Darla alicheka mahali pawili. Lakini msichana mmoja alipopiga yowe, aliona mkono wa Orrin ukienda kwenye kitufe cha sauti na kuipunguza, naye mwenyewe akajikuta anamtazama yule msichana miguuni, viatu alivyovaa, mahali anapokanyaga, na nani amesimama karibu naye pembeni mwa picha.

Mwisho wa Oktoba majani yalijaa njia zote. Orrin alikuwa mbele siku hiyo, akizungumza bila kugeuka, habari ya jiko la mteja fulani lililotoa moshi. Alinyamaza alipogundua hajibiwi, akatazama nyuma. Darla alikuwa amesimama hatua ishirini chini yake, fimbo mkononi, akiyachoma majani mbele ya kiatu chake, kulia, kushoto, katikati, kabla ya kuweka mguu.

"Hapo nimepita mimi sasa hivi," Orrin alisema. "Pako salama."

"Najua," Darla alisema, na akaendelea kuchoma.

Orrin aliketi juu ya gogo lililolowa, akamngoja.